Kuku wa kukaanga nyumbani: yanayosemwa jikoni na yaliyo kweli

"Kuku lazima achemshwe kwanza." Inategemea umenunua kuku gani. Kuku wa kienyeji, wa Singida au wa vijiji vya Dodoma, amekimbia maisha yake yote, na nyuzi za misuli yake hazilainiki kwa robo saa ndani ya mafuta. Huyo mchemshe kwa moto mdogo dakika 45 hadi saa nzima. Jogoo aliyekomaa huenda hata saa moja na nusu. Dodoma mjini ni takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo muda uliouzoea Dar es Salaam huenda usitoshe. Mchome kwa uma penye nyama nene. Uma ukiingia bila kulazimishwa, mtoe, mwache apoe na akauke kabisa, ndipo umkaange dakika 5 au 6. Kuku wa mayai aliyechoka kutaga ni wa kundi hilihili, hata muuzaji akimwita wa kisasa.

Kuku wa nyama wa wiki tano au sita ni habari nyingine. Nyama yake ni laini tangu mwanzo. Ukimchemsha, ladha inabaki kwenye supu, kisha mafuta yanamkausha mara ya pili, na wengi humalizia kwa kulaumu kuku. Mkaange mbichi. Mwenye kilo 1.2 hadi 1.5 mkate vipande 10: mapaja mawili ya juu, mawili ya chini, mabawa mawili, na kila upande wa kidali uukate vipande viwili ili usichelewe kuiva kuliko mabawa.

"Akilala kwenye ndimu na viungo, ladha inaingia hadi mfupani." Kinachoingia ndani ni chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na binzari kwa sehemu kubwa hubaki juu ya nyama. Weka vijiko viwili vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa, kwa kila kilo. Paka, acha kwenye friji saa nne au usiku kucha. Ndimu isizidi nusu saa, maana asidi yake huibabua nyama ya juu ikawa ya ungaunga. Ukitaka kitu cha kulazia usiku mzima, maziwa mgando ni bora zaidi: kikombe kimoja kwa kuku mmoja, na chumvi ileile.

Kuosha kuku kwenye bomba hakuondoi vijidudu. Matone yanaruka hadi kwenye sahani na kachumbari, na limau au siki haibadilishi hilo. Kinachoviua ni joto la kupikia. Kuku aliyechinjwa nyumbani ana manyoya na uchafu wa kutoa, hilo halikwepeki. Lifanyie kwenye beseni, mbali na vyombo, kisha usafishe beseni na mikono kwa sabuni. Wa dukani mfute tu kwa tishu. Na awe mkavu, kwa sababu maji juu ya ngozi ndiyo yanayorusha mafuta na kubandua unga.

Sasa mafuta, ambako huku kwetu ndiko kwenye makosa mengi. Tuko katikati ya nchi ya alizeti, na dumu la mafuta yaliyokamuliwa mashineni halikosekani nyumbani. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa ni ya asili yanafaa kwa kila kitu. Kwa mchuzi na mlenda ni matamu kweli. Kwa kuzamisha kuku hayafai: yana utomvu wa mbegu unaotoa povu na huanza kufuka moshi mapema. Povu likipanda hadi ukingoni, mafuta yanamwagika kwenye moto. Kuyachoma kwanza na kitunguu hupunguza harufu, ila utomvu unabaki humohumo. Tumia alizeti iliyosafishwa kiwandani, lita moja na nusu hivi, ndani ya sufuria nzito ambayo mafuta hayavuki nusu yake.

"Mafuta yakifuka moshi yameiva." La, yameshaanza kuharibika. Yanatakiwa yawe nyuzi 170 hadi 175. Kama huna kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka mfululizo, tia kuku. Vipande vinne au vitano kwa awamu. Ukijaza sufuria joto linaanguka, maji ya nyama hayatoki kwa kasi, na mafuta yanaingia kwenye unga. Kwa hiyo kuku anayechuruzika mafuta mara nyingi alikaangwa kwenye mafuta ya uvuguvugu, si kwenye mafuta mengi. Kwenye mkaa, punguza joto kwa kufunga mlango wa jiko na kutoa makaa mawili matatu kwa koleo. Usimfunike: mvuke unarudi kama matone na kulainisha ukoko.

Unga wenyewe ni rahisi. Vikombe viwili vya ngano, nusu kikombe cha wanga wa mahindi, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga. Paka, kung'uta, acha dakika 15 mpaka unga ushike, na usigeuze kipande kabla ya dakika tatu.

"Akielea ameiva, ukiona wekundu mfupani bado." Yote mawili hudanganya. Kipande huelea kadiri maji yanavyotoka, hata kama katikati ni mbichi. Na kuku mchanga, hasa aliyegandishwa, huvujisha uboho mwekundu kandokando ya mfupa hata akiwa ameiva. Kipimo cha uhakika ni nyuzi 74 katikati ya nyama nene, bila kugusa mfupa. Mabawa huchukua dakika 8 hadi 10, kidali 10 hadi 12, mapaja 13 hadi 15. Aliyegandishwa ayeyuke kabisa kwanza, ndani ya friji. Akitoka kwenye mafuta, mweke juu ya wavu wa kuchomea nyama; ukimlaza kwenye tishu, upande wa chini unalowa mvuke wake mwenyewe.

Mafuta yakiwaka moto, watu hukimbilia maji, na hapo moto hulipukia darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, usiiguse mpaka ipoe.

Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga yachuje kwa kitambaa yakishapoa, yahifadhi gizani, yatumie tena mara mbili au tatu. Yakiwa meusi, mazito, au yakitoa povu lisilotulia, yamekwisha. Kuongeza mapya juu yake ni kuyaharibu hayo mapya. Usiyamwage kwenye sinki, yatashikana na takataka nyingine kwenye bomba.