Kiuaprogramu: kwa nini kufagia RAM hakuokoi chaji

Kiuaprogramu ni programu ya simu ambayo kazi yake ni kuzima programu nyingine zilizobaki nyuma baada ya wewe kutoka humo. Mtaani inaitwa busta au klina. Unabonyeza picha ya roketi au ufagio, inakuambia imefungua nafasi ya MB 400, na simu inaonekana kama imepumua. Dakika chache baadaye RAM imejaa tena, nawe unabonyeza tena.

RAM ni memori ya muda, pale programu inapokaa ikiwa wazi. Si ile ya kutunzia picha na nyimbo. Wengi huzichanganya hizi mbili, na biashara ya viuaprogramu inaishi kwenye mchanganyiko huo. Ukitoka WhatsApp kwenda kwenye kamera, Android, yaani mfumo unaoendesha simu, haiitupi WhatsApp. Inaiacha ndani ya RAM ikiwa imesimama. Na chipu ya RAM hula umeme uleule iwe imejaa au iko tupu, maana yote huhuishwa muda wote simu ikiwa imewashwa. Programu iliyotulia humo haili chaji.

Tazama chupa ya chai ya mama lishe pale Kariakoo. Chai iliyomo kwenye chupa haili mkaa. Akiimwaga kila mteja anaponyanyuka ili chupa ibaki tupu, mteja anayefuata atasubiri jiko liwashwe, maji yachemke, majani yatiwe. Simu nayo hufanya hivyohivyo. Programu iliyouawa ukiifungua tena, mfumo huanza moja: husoma mafaili kutoka kwenye memori ya kutunzia, huchora skrini upya, huunganisha na seva upya, huvuta data upya. Kichakataji hupanda kasi na redio ya mtandao huamka. Hapo ndipo chaji inapokwenda, na bando pia.

Tena Android ina kiuaji chake. Kila programu hupewa alama: iliyo kwenye skrini iko salama zaidi, inayopiga muziki inafuata, na ulizoziacha zamani ziko mwisho. RAM ikibana kweli, mfumo huanza kuua kutoka huko mwisho. Mfumo unajua ni programu ipi unayoitumia sasa hivi. Kiuaprogramu cha nje hufagia kwa mkupuo.

Viuaprogramu vilishika kasi zama za Android za mwanzo. HTC Dream ya 2008 ilikuwa na RAM ya MB 192 tu, na hofu ya kujaza RAM ilieleweka. Lakini Android 2.2 ya mwaka 2010 iliziondolea programu za kawaida uwezo wa kuzisimamisha nyingine moja kwa moja. Zikabaki kuua michakato ya nyuma ambayo mfumo unaweza kuifufua. Kuanzia Android 14 ya mwaka 2023, hata hilo limefungwa: programu uliyoipakua inaweza kuua michakato yake yenyewe tu. Katika simu ya namna hiyo, roketi ile ni mchoro unaotembea.

Ndiyo maana baadhi sasa huomba ruhusa ya huduma za ufikivu, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wasioona na wengine wenye mahitaji maalumu, ili zibonyeze kitufe cha kulazimisha kusimama (Force stop), kile kinachozima programu kabisa, kwa niaba yako. Usitoe ruhusa hiyo. Mwenye nayo anaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe, na simu hiyohiyo ndiyo unayotumia kutuma pesa.

Kulazimisha kusimama kuna madhara yake hata ukifanya kwa mkono. Programu iliyolazimishwa haipokei ujumbe wala taarifa mpaka uifungue mwenyewe, na kengele zake hufutwa. Programu ya adhana haitalia alfajiri. Bodaboda anayesubiri abiria pale Mwenge ataona kimya akadhani hakuna kazi, kumbe programu ya usafiri ndiyo iliyonyamazishwa.

Kuua kuna mahali pake: programu iliyoganda, au ile moja yenye hitilafu inayofanya kazi nyuma bila kukoma. Hiyo itafute kwa jina. Chaji simu hadi ijae, itumie siku nzima, jioni ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, uangalie orodha ya matumizi. Unayemtafuta ni yule aliyekula asilimia nyingi nyuma ilhali umemfungua dakika chache tu. Mlazimishe kusimama mara moja, sasisha toleo lake, kisha mzuie kufanya kazi nyuma. Akirudia, mfute.

Simu ya RAM ya GB 2 ni nzito kweli. Mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa, na programu mbili kubwa hazitoshi humo. Kuua hakuongezi chumba. Kinachosaidia ni matoleo mepesi ya programu, vichupo vichache (kurasa zilizo wazi) kwenye kivinjari, na nafasi kwenye memori ya kutunzia: iache angalau sehemu moja kati ya kumi iwe wazi, maana ikijaa kabisa simu huandika polepole na kila kitu hukwama. WhatsApp ndiyo huijaza mara nyingi; ndani ya mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa video wa moja kwa moja.

Kuhusu chaji, wezi wakubwa ni skrini iliyowashwa mwanga wote juani na mtandao hafifu. Ndani ya fremu ya duka iliyozungukwa na zege, simu hutuma mawimbi kwa nguvu zaidi ili ifikie mnara. Laini ya pili isiyo na mtandao huitafuta bila kukoma, basi izime kwa muda. Betri ikiruka kutoka asilimia 30 hadi kuzima, imechoka. Ikivimba na kusukuma kifuniko, acha kuitumia na uipeleke kwa fundi.

Simu nyingi zinazouzwa hapa huja na kiuaprogramu cha kiwandani, na hicho kina nguvu kwa sababu ni sehemu ya mfumo. Ukikosa ujumbe wa kazi, anzia hapo: kwenye mipangilio ya betri, weka programu unayoitegemea kwenye kundi lisilowekewa vizuizi. Kisha fungua orodha ya programu za karibuni, shikilia kadi yake, na kama kuna alama ya kufuli, ibonyeze.