Je, wajua kwa nini mguu huvimba na kukakamaa hata baada ya plasta kutolewa?

Lamu mjini hakuna matatu, ukitoka nyumbani ni miguu yako, au punda, au boti, kwa hiyo ukivunjika kifundo cha mguu hapa ndo utajua mguu ni kitu gani. Mimi niliteleza kwenye ngazi za jeti, maji yamekupwa na ngazi zimeota mwani, mguu ukapinduka kwa ndani nikasikia kwa! Eksirei ikaonyesha ule mfupa mwembamba wa nje, unaoshuka sambamba na muundi, umekatika pale pale kwenye fundo. Nikafungwa plasta wiki 6, nikapewa magongo, nikaambiwa nisiukanyage kabisa.

Siku ya kutolewa plasta nilijua nimeshapona. Wapi! Mguu umekuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabambuka, kifundo hakikunjiki, na nikikaa dakika chache mguu uko chini unavimba na kuingia rangi ya zambarau. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, plasta imeuua mguu," na mimi nikaamini mfupa haujashika. Kumbe mfupa ulikuwa umeshika vizuri, shida ilikuwa kwengine.

Mfupa una kazi yake na unaifanya wenyewe. Ukivunjika damu inaganda pale penye ufa, baada ya wiki 2 au 3 panajengeka kitu laini kama gegedu, halafu polepole kinageuka mfupa mgumu, na kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 kwa wengi unaanza kuweza kubeba uzito (kuchongeka sawasawa ni miezi mingi, hata miaka, lakini hiyo huisikii). Ila mtu akivuta sigara mfupa unachelewa, hilo naliomba mulichukue kwa uzito.

Sasa uvimbe. Moyo unasukuma damu hadi unyayoni, lakini kuirudisha juu inategemea sana shavu la mguu: kila ukipiga hatua ule msuli unaminya mishipa, damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Wiki 6 hujapiga hatua, msuli umekonda, pampu imelala, kwa hiyo maji yanakaa chini kwenye kifundo. Ndo maana kuweka mguu juu ya kigoda hakutoshi, lala chali uweke mito mpaka mguu upite usawa wa moyo, na vidole uvichezeshe hata ukiwa bado na plasta. Kukakamaa nako, zile kano na ngozi ngumu inayozunguka kiungo zimekaa pembe moja wiki zote hizo zikafupika, na dawa yake ni kuvitumia tu, kidogo kidogo, kila siku. Mtu wa fizio (wa mazoezi ya viungo) alinifundisha kuandika herufi kwa kidole gumba cha mguu hewani, A mpaka Z, asubuhi na jioni. Nilipoanza sikufika hata D bila kusaga meno. Na tafadhali, mfupa ukiwa mbichi usikubali kukandwa na kuvutwa, ncha zinaweza kuachana.

Kutembea kwa magongo kwenye vichochoro vyetu ni elimu pia. Uzito uwe mikononi sio kwapani, acha nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, maana pale kuna mishipa ya fahamu ukiilalia mkono unakufa ganzi. Ngazi za nyumba zetu zimesimama sana, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Ukishafikia mkongojo mmoja ushike mkono wa upande wa mguu MZIMA, wengi tunaushika kinyume. Mimi nilikuwa natoka alfajiri Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kabla punda hawajajaa na mizigo, maana kule hamna pa kupishana.

Lakini kuna uvimbe wa kuogopa: shavu la mguu likiuma sana, limekuwa moto na limevimba kuliko la pili, au ukaanza kukosa pumzi na kifua kuuma, hapo usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo, damu inaweza kuganda kwenye mshipa ikasafiri mpaka mapafuni.

Mwezi wa 4 tangu nivunjike ndo niliweza kutembea mpaka Shela kwa njia ya pwani, kama kilomita 3, kurudi nikapanda boti. Usiku mguu ukavimba kidogo, nikauweka juu ya mito 2, asubuhi ulikuwa umeshuka.