Mtandao hauko hewani: tunayokosea kuhusu wanablogu na uhuru wao

Redio ikianza matangazo tunasema iko hewani, na mtu asipopatikana kwenye simu tunasema hayupo hewani. Msemo mtamu, ila umetuponza tulipohamia kwenye intaneti. Tukadhani maneno yakishachapishwa yanaelea tu, hayana njia wala mwenye njia. Chapisho hupita kwenye waya wa kampuni, likalala kwenye seva ya kampuni nyingine, na kote huko kuna sheria ya nchi fulani. Dhana potofu nyingi ninazokutana nazo kuhusu wanablogu na wanaharakati wa mtandaoni zinaota hapo.

"Nimetumia jina bandia, nani atanijua?"

Shi Tao alikuwa mwandishi wa gazeti moja la mjini Changsha, China. Aprili 2004 yeye na wenzake walikalishwa kikaoni wakaelezwa agizo la serikali kuhusu namna ya kuripoti wakati miaka 15 ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, ikikaribia. Shi Tao aliandika alichokisikia, kisha usiku akakituma kwa barua pepe yake ya Yahoo kwenye tovuti iliyokuwa New York. Aliomba jina lake lisitajwe. Mahali pa jina aliweka tarakimu: 198964. Anayeijua historia anaisoma papo hapo: mwaka 1989, mwezi wa 6, tarehe 4.

Jina lilifichika, mlango haukufichika. Wapelelezi hawakuhitaji kufumbua fumbo la tarakimu. Kampuni yenye barua pepe ilitoa kumbukumbu za akaunti, na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mahali mtu anapoingilia kwenye intaneti, ikaelekeza moja kwa moja kwenye ofisi ya gazeti. Alikamatwa Novemba 2004, na Aprili 2005 akafungwa miaka 10 kwa kosa la kupeleka siri za nchi kwa wageni. Hukumu yenyewe ilitaja taarifa zilizotoka Yahoo. Mwaka 2007 Jerry Yang, mkuu wa kampuni hiyo, aliinama mbele ya mama yake Shi Tao katika kikao cha Bunge la Marekani. Mwana alitoka gerezani 2013.

Siku hizi ushauri wa haraka ni "weka VPN", yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake kwanza. Sawa, iweke. Kampuni ya simu haitaona unakokwenda, lakini mwenye VPN ataona. Umehamisha amana kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Na picha nayo inasema. Mwaka 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, alijulikana kuwa yuko Guatemala kwa sababu waandishi waliokuwa naye waliweka mtandaoni picha yake iliyobeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa. Hakuna aliyekuwa amevifuta.

"Asiye na hatia hana la kuficha."

Waulizeni Zone 9, kundi la wanablogu wa Ethiopia. Gereza la Kaliti, Addis Ababa, lilikuwa na kanda nane. Wao wakasema kanda ya tisa ni nchi nzima iliyo nje ya kuta. Utani huo ulikuwa mchungu, ukageuka kweli: Aprili 2014 wanablogu sita na waandishi watatu walikamatwa, wakashtakiwa kwa ugaidi. Miongoni mwa mambo yaliyotumiwa dhidi yao ni kwamba walihudhuria mafunzo ya usalama wa kidijitali. Yaani kujifunza kufunga mlango kukawa dalili ya wizi. Watano waliachiwa Julai 2015, na wanne waliobaki wakafutiwa shtaka la ugaidi Oktoba mwaka huohuo.

"Uhuru wa kujieleza ni kusema lolote." Hapana, na hakuna mkataba uliowahi kusema hivyo. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inaruhusu mipaka, kwa mfano kulinda heshima ya mtu au usalama wa taifa. Ila mpaka huo uwe umeandikwa kwenye sheria na uwe wa lazima. Ugomvi mkubwa uko kwenye hilo sharti la sheria, kwa kuwa watawala hupenda maneno ya mpira yanayovutika kila upande. Kenya ilikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichoadhibu "matumizi mabaya" ya vyombo vya mawasiliano. Mabaya kwa kipimo cha nani? Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikitupa nje, kwa kuwa mwananchi hawezi kujua kosa linaanzia wapi.

"Facebook imefuta chapisho langu, imevunja katiba." Huenda imekuonea, lakini katiba ni suala jingine. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema na kutajwa sana na watu wasioishi hata Marekani, yanaifunga mikono serikali. Kampuni ni mwenye nyumba, na wewe ni mgeni uliyekubali masharti bila kuyasoma. (Nani huyasoma?)

"Facebook ndiyo iliyomwangusha Mubarak."

Hii, kuhusu rais wa Misri aliyeng'olewa 2011, ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inawanyang'anya watu kazi yao. Ni kweli ukurasa uliofunguliwa kwa ajili ya Khaled Said, kijana aliyeuawa kwa kipigo cha polisi mjini Alexandria Juni 2010, uliwakusanya watu wengi na kutangaza maandamano ya Januari 25, 2011. Lakini tazama siku yenyewe ilivyoendeshwa. Waandaaji wa Cairo walitangaza hadharani sehemu 20 za kukusanyikia. Polisi walisoma kama kila mtu, wakajipanga huko kote. Sehemu ya 21 haikuandikwa popote mtandaoni: Bulaq al-Dakrour, mtaa wa walalahoi, ambako habari zilipita mdomo kwa mdomo. Msafara uliotoka huko ulifika Tahrir, uwanja mkuu wa katikati ya Cairo.

Siku hizohizo kilikuwa kikizunguka kijitabu cha kurasa 26 chenye maelekezo ya kuandamana, nacho kiliwaomba wasomaji wasikiweke Facebook wala Twitter, wakitoe nakala au wakitume kwa barua pepe. Watu hawa walijua njia ipi ina macho. Kisha usiku wa kuamkia Januari 28 serikali ikakata intaneti, na simu za mkononi nazo zikanyamaza. Siku hiyo ndiyo umati ulifurika kuliko siku zote zilizotangulia. Intaneti ilirudi Februari 2, na Mubarak akaondoka Februari 11.

Basi harakati za kubofya ni upuuzi? Hapana. Ushahidi, jukwaa lenye jina la Kiswahili, lilizaliwa Januari 2008 nchini Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Watu walituma ripoti kwa simu au kwenye wavuti, zikapangwa kwenye ramani. Miaka miwili baadaye jukwaa hilohilo likatumika Haiti baada ya tetemeko. Linganisha na video ya mwaka 2012 iliyodai dunia nzima imfanye Joseph Kony, kiongozi wa waasi kutoka Uganda, ajulikane ili akamatwe. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Usiku uliopangwa watu watoke kubandika mabango, wachache walitokea, na Kony hakukamatwa. Ramani ilimpa kila mtu kazi ya kufanya; video ilimpa hisia.

"Kuzima intaneti kunatuliza fujo." Januari 2017 Kamerun iliwazimia mtandao wakazi wa mikoa yake miwili inayozungumza Kiingereza, kwa siku 93. Vijana wanaotengeneza programu za kompyuta mjini Buea, kwenye mikoa hiyo, wakawa wanasafiri hadi Douala, kulikokuwa na mtandao, ili tu kutuma kazi za wateja. Mgogoro haukutulia, kabla mwaka haujaisha ulikuwa vita. Togo nayo ilizima mwaka huohuo, na 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema ilivunja uhuru wa kujieleza.

"Ameachiwa, basi yamekwisha." Raif Badawi, mwanablogu wa Saudi Arabia, alikamatwa 2012, na 2014 akahukumiwa miaka 10 jela, viboko 1,000 na faini. Viboko 50 vya kwanza alichapwa hadharani mjini Jeddah, Januari 9, 2015, dunia ikapiga kelele. Alimaliza kifungo Machi 2022, na kelele zikaisha. Hukumu ilikuwa na mstari mmoja zaidi: akitoka, asisafiri nje ya nchi kwa miaka 10. Mkewe na watoto wao watatu wako Kanada.