Choo chenye mafuta si ushahidi wa sumu

Hapa Bukavu mtu akianza kukonda na choo chake kikabadilika rangi, maneno hayakawii: "Huyo alilishwa sumu." Wengine wanakimbilia kidonge cha minyoo pale sokoni Kadutu. Mara nyingi shida iko kwingine: chakula kinapita tu, mwili haukichukui.

Rangi ya kahawia ya choo inatokana na nyongo, ambayo hutengenezwa na ini. Nyongo na vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) vya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, ndivyo vinavyovunja mafuta, kama yale mawese ya kwenye sombe, majani ya muhogo. Kazi hiyo ikikwama, au utumbo mwembamba ukishikwa na giardia, kijidudu kinachokuja na maji machafu, mafuta yanatoka nje bila kutumika. Choo kinakuwa kingi, cha manjano iliyopauka, kinang'aa, kinanuka kupita kawaida, na hakiondoki hata ukimwaga ndoo mbili. Vitamini A, D, E na K, ambazo hufyonzwa pamoja na mafuta, nazo zinapotea. Ndiyo maana mtu anamaliza sahani mbili za ugali na bado suruali inamdondoka.

Choo kuelea juu ya maji, peke yake, si kitu. Hata gesi ya maharage hukielesha. Sombe nyingi hukifanya kijani, na vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito hukifanya cheusi. Ila cheusi kinachonata kama lami, bila vidonge hivyo, kinaweza kuwa damu. Na kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, macho yakawa manjano na mkojo ukawa rangi ya chai, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hicho cha mafuta, kipeleke maabara kabla ya kumshuku jirani.