Unene kwanza, ugumu baadaye: vichwa vya kusubu kwa rivolva ya kuwindia

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu vichwa vya risasi vya kusubu, yaani vya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni hili: viwe vigumu kiasi gani? Kwa rivolva kubwa ya kuwindia, iwe ya risasi za aina ya .44 Magnum au .45 Colt, hilo ni swali la pili. La kwanza ni unene.

Toa silinda, isafishe, kisha ingiza kichwa kwenye mdomo wa mbele wa kila chumba. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba. Kikipita kwa kusukumwa na kidole bila kukazana, hicho ndicho. Kichwa chembamba hupitisha gesi ya moto ubavuni, nayo huyeyusha madini na kuyapaka ndani ya mtutu. Mimi nilianza na vichwa vigumu sana vya inchi 0.429, ilhali midomo ya silinda yangu ni 0.431. Risasi kumi na mbili tu, shabaha ikatawanyika, na brashi ikatoka mtutuni na vipande vyembamba vinavyong'aa. Nikasubu tena kwa mchanganyiko laini zaidi, safari hii kwa 0.431, na mtutu ukabaki safi.

Kwa hiyo ugumu wa kati unatosha kabisa. Mchanganyiko wa zamani wa sehemu 90 za madini ya risasi, 5 za bati na 5 za antimoni hufikia takriban 15 kwa kipimo cha ugumu cha Brinell.

Umbo: pua bapa na pana. Kichwa kigumu namna hii hakitanuki sana, hivyo ni ule ubapa unaoponda nyama na kukiongoza kinyoofu. Ndiyo maana sioni haja ya mwendo mkali. Kichwa cha greni 250, yaani gramu 16 hivi, kikienda mita 300 kwa sekunde, kinapenya paa au nguruwe mwitu vizuri kwa umbali wa karibu. Nawe unapata kitu chenye thamani kuliko kasi: teke la silaha linavumilika, hufumbi macho, unafanya mazoezi mengi, na risasi inaenda pale ulipolenga. Mnyama anastahili hilo.

Ila kipimo cha wastani cha baruti hakipatikani kwa kupunguza baruti yoyote tu. Baruti zinazowaka polepole kama H110 hazitaki kushushwa chini ya kiwango kilichochapishwa. Chagua yenye mwako wa kasi ya wastani, ufuate jedwali la mtengenezaji. Hiyo hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, ganda huweza kumeza yote na silinda ikapasuka. Mimi hupanga maganda yote kwenye ubao na kuyamulika kwa tochi, moja baada ya jingine, kabla ya kuweka kichwa hata kimoja.

Mwisho, bana mdomo wa ganda barabara kwenye mfuo wa kichwa. Usipobanwa, teke la risasi ya kwanza huvuta vichwa vya zilizobaki mbele, na silinda hukwama.