Beji ya Mionzi Haikingi: Maswali ya Wanaofanya Kazi na Eksirei

Swali: Mionzi midogo ya kila siku kazini inaweza kunidhuru?

Inaweza, polepole. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli. Mwili hurekebisha sehemu kubwa. Mwili ukikosea kurekebisha, saratani inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Lenzi ya jicho nayo inaweza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho. Kwa anayefuata taratibu hatari ni ndogo, na huyo simwandikii.

Swali: Navaa beji ya kupima mionzi (TLD). Si inanikinga?

Hapana. Beji inapima tu mionzi iliyokufikia. Kipimajoto hakishushi homa, na beji haizuii mionzi hata chembe. Kinachokukinga ni aproni yenye madini ya risasi, ukuta, umbali, na kumaliza kazi haraka.

Swali: Naiacha kwenye droo isipotee. Kuna ubaya?

Basi tunapima droo. Kila ninapokusanya beji ziende kusomwa Tume ya Nguvu za Atomiki, zipo ninazozitoa droo zilezile nilizoziacha, na wenyewe walikuwa thieta wiki nzima na ile mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda kama herufi C. Majibu yakirudi mazuri, mtu anafurahi. Anafurahia nini? Nyingine nazikuta kwenye koti lililotundikwa ndani ya chumba cha eksirei, na hizo zinarudi na dozi kubwa ya koti. Ivae kifuani, kila zamu. Ukitoka, iweke mbali na mashine.

Swali: Kikomo ni kipi?

Milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili duniani humpa mtu wastani wa 2.4 hivi kwa mwaka. Kikomo cha jicho kilikuwa 150. Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa wakapendekeza kishushwe hadi 20, kwa sababu mtoto wa jicho alionekana kwa dozi ndogo kuliko walivyodhani. Na jamani, kikomo si posho, kwamba lazima uimalize.

Swali: Mtoto hatulii mezani. Nimshike mimi?

Amshike mzazi au ndugu, asiye mjamzito, akiwa amevaa aproni. Yeye atashika leo tu. Nesi yuleyule akishika kila siku, anajilimbikizia. Mionzi inayokupata wewe mara nyingi hutawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, kwa hiyo hatua moja nyuma ina maana: ukitoka mita 1 ukawa mita 2, dozi inashuka hadi robo hivi. "Lakini nilikuwa na beji." Beji haikingi. Nimeshasema, nitasema tena.

Swali: Maziwa yanasafisha mionzi?

Hayasafishi. Eksirei ikizimwa imekwisha, hakuna kilichobaki mwilini cha kusafishwa. Kunywa maziwa kwa sababu unayapenda.

Swali: Ultrasaundi na MRI je?

Hazitumii mionzi ya aina hii.

Swali: Mimi ni mjamzito. Nimwambie msimamizi lini?

Siku uliyojua. Si tumbo likionekana, si ukimaliza zamu za mwezi huu, si baada ya kikao. Viungo vya mtoto huumbwa wiki za mwanzo, wakati ambao wengi bado wanaficha. Ukishasema, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito, na majukumu yako hupangwa upya kulingana na hilo. Kusema hakumaanishi lazima uache kazi. Dada mmoja alikaa kimya hadi mwezi wa tano. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Si nilikuwa na beji?"

Mjamzito huongezewa beji ya pili, tumboni, ndani ya aproni. Nayo inapima tu.