Mkonge na maganda ya mpunga katika tope la kuchorongea visima

Kisima cha gesi, mafuta au jotoardhi hakichorongwi kwa chuma peke yake. Tope husukumwa na pampu kupitia ndani ya mabomba, likatokea kwenye matundu ya biti, yaani ncha inayokata mwamba, kisha likapanda pembezoni mwa shimo likiwa limebeba vipande vya mwamba. Tope hilohilo hupoza biti na kukandamiza kuta zisiporomoke. La kawaida ni maji na bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba majini), pamoja na baraiti, madini mazito ya kuongeza uzito, na wanga au polima nyingine ya kudhibiti mtiririko na upotevu wa maji.

Maji ni rahisi kuyapata, lakini ndiyo yanayoleta shida. Tope linapopita kwenye jiwe la mchanga, maji kidogo huchujika na kuingia mwambani, na yabisi hubaki ukutani kama utando. Utando huo ndio unaozuia maji mengine. Shali, yaani udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa kwa mamilioni ya miaka, ina tabia tofauti. Hupitisha maji polepole mno kiasi kwamba utando haujengeki, lakini maji na shinikizo la tope huendelea kupenya taratibu, udongo unavimba, ukuta unamomonyoka na mabomba yananasa.

Vitundu vingi vya shali vina upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache hadi makumi kadhaa. Punje za baraiti hufikia mikromita 75, sawa na nanomita 75,000. Bamba moja la bentonaiti lina unene wa nanomita 1 hivi, lakini upana wake ni mamia ya nanomita. Kutegemea vitu hivi vizibe shali ni kuziba chekecheke kwa maembe. Chembe za nanomita 1 hadi 100, yaani nanochembe, ndizo zinazoweza kuingia mlangoni mwa vitundu na kukwama humo.

Mimea inatupa njia mbili nzuri. Ya kwanza ni selulosi. Nyuzi za mkonge, ambazo Tanga inazifahamu vizuri, kwa sehemu kubwa ni selulosi. Zikisafishwa kwa alikali kisha zikachakatwa kwa asidi kali ya salfuriki, hubaki fuwele nyembamba zenye kipenyo cha nanomita 5 hadi 20. Hizi huziba vitundu, na pia huongeza unene wa tope.

Ya pili ni silika, madini yaleyale ya mchanga, kutoka kwenye maganda ya mpunga, yale yanayorundikwa nje ya mashine za kukoboa. Yakichomwa, takriban moja ya tano ya uzito hubaki majivu, na majivu hayo kwa kawaida ni silika kwa zaidi ya asilimia 85. Hapa joto la tanuri ndilo linaloamua. Maganda yaliyooshwa kwa asidi na kuchomwa kwenye nyuzi joto 600 hadi 700 hutoa silika isiyo na fuwele. Joto likizidi sana, silika hugeuka fuwele, na vumbi lake huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiotibika. Kwa hiyo neno "asilia" kwenye mfuko lisimfanye mfanyakazi avue barakoa. Na ile asidi ya kuchakatia mkonge nayo ni lazima isafishwe kabla ya kumwagwa. Vinginevyo tumehamisha tu uchafu kutoka kisimani kwenda kiwandani.

Sababu ya kuhangaika hivi ni kwamba dawa ya zamani ya shali ni tope la mafuta, ambalo taka zake ni mzigo. Uamuzi wa mwaka 2000 wa OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, unakataza kumwaga baharini vipande vya mwamba vyenye zaidi ya asilimia 1 ya mafuta hayo kwa uzito.

Hata hivyo, msiniuzie matokeo ya kipimo cha kawaida cha uchujaji pekee: dakika 30, shinikizo la psi 100 (pauni kwa inchi ya mraba), karatasi ya chujio. Vitundu vya karatasi hiyo ni vikubwa mno kuliko vya shali. Nataka kuona kipimo kwenye kipande cha shali yenyewe, tope likiwa limepashwa moto kwa saa 16 na kutiwa chumvi, kwa sababu chumvi hufanya nanochembe zigandane, na zikigandana si nano tena. Selulosi nayo huharibika kwa joto kali. Chini kabisa ya visima vya jotoardhi vya Olkaria, Kenya, ambako nyuzi joto hupita 250, si mahali pake. Ningeanza na sehemu za juu za visima, zenye udongo unaovimba na joto la wastani.